Hodi Isiyofika

Margilan, Uzbekistani
Tarehe 6 Oktoba

Shangazi yangu Zubeida,

Shikamoo, pamoja na salamu za watu wa huku ambao hawajawahi kukuona lakini kila asubuhi wananiuliza umeamkaje.

Umesema simu za Olumbi siku hizi ni mbovu, rede inakuja na kuondoka, kwa hiyo niandike kwa mkono, nipige picha karatasi nimtumie Momade pale kwenye banda lake la vocha, naye akufungulie usome. Nimetii. Ila naona ajabu kidogo, maana dada Mwanaamina anakaa mlango wa tatu kutoka kwako, na nikimpigia namsikia mpaka anavyotafuna. Pengine rede nayo inachagua nyumba.

Mume wangu Jahongir alirudi kazini huko kwenu, kambi ya gesi ya Afungi, mwezi uliopita, kwenye mabomba yake ya kuchomelea. Basi tumebadilishana nchi: yeye anakula muhogo wa kwetu, mimi niko na mama yake chini ya mzabibu uliotandazwa juu ya ua mzima. Mama Muhabbat anafuma hariri. Ana kitanda cha mfumi chumba cha mwisho, na mikono yake ina alama za nyuzi. Wifi yangu Dilnoza anafundisha Kiingereza shuleni, nami Kiingereza changu cha kantini ya Afungi kinanitosha kuulizia mambo. Kiuzbeki najifunza polepole.

Sasa nisikilize. Juzi mwanamke wa maziwa alipita njiani akiita "sut, sut". Mimi nilikuwa karibu na lango, mama mkwe yuko ndani. Nikamwita kama ulivyonifunza: Mamaaa, maziwa yamefika. Shangazi, nyumba nzima ilisimama. Dilnoza alibaki na birika hewani. Mama akatoka mbio bila viatu, rangi imemtoka, akanishika mikono akaanza kuhesabu vidole vyangu. Alidhani nimejikata. Alipoona ni maziwa tu, akanipapasa bega, akasema kitu kwa sauti ya chini hivi kwamba ilibidi niiname. Na ndivyo alivyo siku zote. Nikimsogelea nisikie, anazidi kushusha.

Sijui kama nimemchosha au kama ndiyo desturi. Lakini nataka kujua, na wewe unajua nikitaka kujua jambo silali. Nimenunua daftari. Naandika kila sauti: nani kaitoa, kwa nani, inafika wapi. Nimezipa majina. Iko sauti ya soko. Iko sauti ya ua, ya kutoka jikoni hadi barazani. Iko sauti ya mkeka, ya watu wawili waliokaa. Na ya mama mkwe iko chini ya mkeka, nimeiita sauti ya mto, kwa sababu ni ya watu waliolaza vichwa pamoja.

Jahongir amekuja kukusalimu? Aliniahidi itakuwa kazi yake ya kwanza akipata ruhusa ya kutoka uzioni.

Kuna jambo pia nataka kukwambia, lakini ni la mdomo, si la karatasi.

Mwanao,
Nasma


Olumbi
Tarehe 19 Oktoba

Mwanangu Nasma,

Marahaba. Barua yako nimeisoma kwenye simu ya Momade, naye anajifanya anapanga vocha huku shingo imemrefuka. Andika ukijua tunasoma wawili.

Hayo ya daftari yamenichekesha, kisha yamenikosesha usingizi. Kimya kingi kina mshindo mkuu. Hapa kwetu mtu mzima akisema chini mbele za watu, ama anaumwa, ama anakusengenya, ama ana jambo. Mimi nilikulea kwa sauti. Pale sokoni Mocímboa nikiwaita watu kwenye samaki wangu wa changu, walionunua walinunua na wasionunua waligeuka. Na nikikuita wewe kutoka jikoni mtaa mzima unasikia jina lako, ulikuwa unajua unapendwa, kwa sababu asiyependwa haitwi.

Umeipa majina sauti zako, umesahau moja. Iko sauti ya kichaka. Unaijua. Siku kumi na moja tuliisema tukijificha, mwaka ule wa kukimbia vita, na ulikuwa na miaka kumi na saba. Uliponipigia mwezi wa nane nilisikia kitu hichohicho: mtu anazungumza kama yuko chini ya kitanda. Nikakuuliza uko salama, ukajibu, sikukushika. Nani alikuwa kando yako anasikiliza? Nani amekukataza kusema?

Mumeo hajafika. Nakwambia hajatia mguu. Mwezi na nusu yuko Afungi, gari la ofisi yao linakuja Olumbi, linaegesha shuleni, linaondoka, na huyo mkwe simwoni. Pale harusini Palma nilimvumilia na kunong'ona kwake. Nilidhani ni haya za bwana harusi. Sasa naanza kuogopa kwamba ndivyo alivyo, mtu wa chinichini.

Na jingine. Jumaa ya tarehe kumi nimekuta mfuko mdogo wa kitambaa umetundikwa kwenye ua wangu, karibu na mlango. Ndani mna vitu vikavu, rangi ya mwili, vimejikunja kama masikio ya watoto. Nimempelekea Shehe Latifo, kavitazama kwa mbali, kavisomea, kaniambia nikavitupe baharini bila kugeuka nyuma. Nimevitupa. Nani ananitakia mabaya, na kwa masikio?

Sikiliza Nasma. Baba yako alipokufa alinikabidhi mtu, si furushi. Nakupa mpaka mwaka mpya. Kama mume huyo hajasimama mlangoni pangu, na kama mimi sijaisikia sauti yako ya kweli, nitakwenda na baba yako mdogo Suleimane kwa Shehe, tuandike barua ya kukudai urudi. Aliyekuozesha ni Suleimane, na anayeweza kuidai ndoa ivunjwe ni yeye, nami namjua, nikisema twende, anavaa kofia.

Shangazi yako,
Zubeida


Margilan
Tarehe 5 Novemba

Shangazi, shikamoo. Nawe Momade, salamu.

Barua yako nimeisoma mara nne, na mara ya nne nililia, kwa sababu unataka kunitoa mahali ambapo sijaomba kutolewa. Nampenda mume wangu. Nasema wazi, Momade na asome.

Hakuna aliyenikataza kusema. Nimeuliza, nimechunguza, daftari limefika katikati. Dilnoza anasema katika nyumba hii mkubwa hapandishiwi sauti, na mkubwa mwenyewe hapandishi, kwa maana anayepiga kelele ni yule ambaye hasikilizwi. Bibi harusi ndiyo zaidi. Miezi ya kwanza anainama asubuhi kuwasalimu wakubwa na anajibu kwa sauti anayoisikia mwenyewe. Mimi nainama, sauti ndiyo inanishinda. Nikasema, sasa mbona nikimsogelea Mama anashusha tena? Dilnoza akacheka. Kumbe akiona nimesogea anadhani tumekuwa watu wa karibu zaidi, basi ananisemesha kama wa karibu.

Na chai nayo ni hivyo. Siku za mwanzo ananimiminia kikombe nusu, chini ya nusu, nikasema huyu mama ana ubahili. Sivyo. Kidogo maana yake kaa, nikumiminie tena na tena. Kikombe kikijazwa mpaka juu, mgeni aanze kutafuta viatu. Sisi tunajaza.

Usidhani watu hawa wamekosa sauti. Sokoni wasukuma mikokoteni wanapita mbio wakiita "posht, posht", usipopisha ni shauri lako. Jirani alimwoza mwanawe, wakaja watu na tarumbeta za shaba ndefu kuliko mtu, zinaelekezwa mbinguni, vikombe vikatetemeka kabatini. Na wiki iliyopita mzee wa nyumba ya pili alifariki. Wanawe walisimama langoni wakimlilia baba yao kwa sauti yote, na Mama Muhabbat, mama wa sauti ya mto, alilia huko ndani mpaka nikasimama. Ilitoka sauti ya soko kabisa. Nimeandika kwenye daftari: kwa maiti, sauti yote, kwa aliye hai, kidogo kidogo.

Kwa hiyo si sauti ya kichaka, Shangazi. Nayo naijua. Ile ilikuwa ya kujificha. Hii ni ya kumwachia mtu nafasi.

Sasa Jahongir. Nimemuuliza kwa simu, akaniambia kwamba amekuja mara mbili. Mara ya kwanza Jumaa ya tarehe kumi Oktoba, ya pili Jumaa iliyopita, tarehe thelathini na moja. Alisimama nje ya ua, akapiga hodi tatu, kati ya hodi na hodi akingoja kama tulivyofunzwa sote chuoni. Hakuitikiwa. Na dini inasema usipoitikiwa mara ya tatu, rudi, wala usikasirike. Akarudi. Alidhani humtaki. Hakusema kwa sababu aliona aibu.

Na ule mfuko, Shangazi, ni wake. Yale si masikio. Ni matunda ya mti wa uani hapa, orik wanayaita, mama yake aliyakausha juani kwa mikono yake akakutumia. Umemtupia mama wa mkweo zawadi baharini na dua juu. Sijamwambia.

Nakuomba usimwendee Baba mdogo.

Mwanao,
Nasma


Olumbi
Tarehe 20 Novemba

Nasma,

Kuhusu matunda naomba radhi, mwambie yalikuwa matamu. Samaki wamekula.

Kuhusu mumeo, sina radhi. Jumaa sitoki. Tarehe hiyo thelathini na moja nilikuwa barazani asubuhi mpaka adhuhuri, nimeipa njia mgongo, napeta mpunga. Hakuna aliyeita. Nakumbuka sana kwa sababu kuku walikurupuka wote kwa pamoja, nikageuka, nikaona vumbi la gari tu. Mtu aje hadi uani pangu, apige hodi tatu, mimi nipo hatua kumi nisiitikie? Nyumba yangu haijawahi kumwacha mgeni juani, hata mwaka wa njaa. Mtu akisema aliita na hakuita, huyo ni mwongo, na umaskini ningeustahimili kuliko uongo.

Unamtetea vizuri. Unaandika vizuri pia, maneno yako yanapita kama maji. Lakini maandishi hayana koo. Mtu anaweza kusimama nyuma yako akakwambia andika hivi, andika hivi.

Kwa hiyo nifanyie jambo moja. Jumamosi ya tarehe sita mwezi ujao, saa nne asubuhi ya huku, nipigie. Nitakwenda mpaka kwenye kichuguu nyuma ya shule, pale rede inapopanda. Uniambie kwa sauti ya soko, sauti yangu niliyokupa, kwamba uko salama. Usiniambie kwa adabu. Nikiisikia nitanyamaza, sitamtaja mumeo tena kwa ubaya. Nisipoisikia, Suleimane ameshafua kanzu.

Zubeida


Margilan
Tarehe 8 Desemba

Shangazi,

Shikamoo. Sijui niandike nini, nitaandika lililotokea.

Jumamosi kulikuwa na theluji ya kwanza. Nilitoka uani ili nisiwatie watu hofu ndani, nikasimama chini ya mzabibu mtupu, nikapiga. Ukapokea. Nikasema niko salama. Ukasema, sikusikii, Nasma, sema. Nikapandisha. Ukasema, mbona unanong'ona. Basi nikaacha adabu yote niliyojifunza miezi mitano, nikakuita kama ulivyokuwa ukiwaita wanunuzi, Shangazi Zubeidaaa, niko salama, nakula, nalala, sina adui. Njiwa waliruka juu ya paa. Majirani walifungua malango. Nami nikakusikia wewe, wazi kabisa, ukiugua kama mtu aliyepigwa, ukasema, mwanangu wamekuziba mdomo. Ukakata.

Nilikaa kwenye theluji. Nilikuwa na hasira nawe, nakiri. Nikasema anataka sauti gani tena, roho yenyewe itoke?

Mama Muhabbat akatoka. Nilijua leo nitagombezwa. Hakunigombeza. Alinifuta uso kwa ncha ya mtandio wake, akamwita Dilnoza atufasirie, akauliza jambo moja tu. Wakati nakupigia, wewe ulijibu nilichosema, au ulisema yako tu?

Nikafikiri. Shangazi, hukujibu hata kimoja.

Akanisimulia habari za mama yake. Alifuma kiwandani miaka thelathini, vitanda vya mfumi mia chumba kimoja, mlio kutwa. Sikio lilikwenda polepole na hakumwambia mtu. Alikuwa anawaambia wanawe wanamnong'onea kwa makusudi. Aligombana na nyumba nzima. Mwisho Mama Muhabbat, akiwa msichana, alijua kwa kuku: kuku wakikimbia ndipo mama yake anageuka.

Sikuwa nimemwambia habari ya kuku wako. Nilishika mdomo.

Sikio lako la kushoto tuliliacha Mocímboa na ule mlipuko, hilo nalijua, ndiyo maana tangu siku hiyo nakaa kuliani kwako. Nakuuliza la kulia. Niambie mimi, usiwaambie wengine.

Nasma


Olumbi
Tarehe 2 Januari

Nasma wangu,

Barua hii haipiti kwa Momade. Ataipiga picha mwalimu Celeste wa shuleni, naye ameapa kwa Biblia yake kwamba ataifuta kwenye simu.

Umekaa muda mrefu bila jibu. Nilikuwa naandika na kuchana.

La kulia nalo limekwenda. Lilianza baada ya harusi yako, mlio kama wa mbu, halafu pamba, halafu ukuta. Mtu akisimama mbele yangu akisema kwa nguvu napata, nayasoma na midomo. Akiwa nyuma, hayupo. Simu ni kipande cha sabuni sikioni. Rede ya Olumbi haina ubaya wowote, niliisingizia.

Utaniuliza kwa nini nilificha. Kwa sababu mimi ni Zubeida. Harusi za hapa zikianza, wanawake wananitazama mimi nitoe kigelegele cha kwanza. Kiziwi anatoaje? Atatoa katikati ya khutuba. Niliogopa kuchekwa. Na niliogopa jingine, baya zaidi: kwamba ukijua sikusikii utaacha kupiga, kisha utaacha kuandika, kisha nitakuwa jina unalolitaja ukiulizwa kwenu wapi.

Lakini si hilo tu. Siku zile kumi na moja kichakani, niliyekuziba mdomo ni mimi. Mkono wangu huu. Ulitaka kumlilia baba yako, nikakuziba, nikakwambia sikioni, baadaye, mwanangu, utalia baadaye. Tulipotoka hukulia tena. Mimi ndiye niliyekufunza kunong'ona. Ndiyo maana nilitaka kukusikia unapiga kelele huko uliko, ili nijue nimeutoa mkono. Kumbe ulipiga, na njiwa waliruka, na mimi sikupata.

Naumia, Nasma. Nasema kama ilivyo.

Suleimane alikuja jana amevaa kanzu, mwaka mpya. Nimemwambia angoje. Sijamwambia kwa nini. Mumeo pengine si mwongo. Pengine aliita. Lakini mimi kama mlezi wako bado sijaitwa, na siwezi kusema nimemkubali mtu ambaye kwangu hajafika. Aje tena. Apige hodi ya mtu anayetaka kufunguliwa. Akiweza kunifikishia sauti, yamekwisha. Mwambie unavyojua, lakini usiwaambie watu wengine wa Afungi.

Mama mkwe wako ana akili. Mwambie nimesema hivyo.

Shangazi yako wa daima,
Zubeida


Margilan
Tarehe 14 Januari

Shangazi yangu,

Sitaacha kuandika. Lishike hilo kwanza.

Nimemwambia Jahongir. Alifurahi kwamba humchukii, kisha akaingiwa na woga mkubwa kuliko wa mwanzo. Ananiuliza, nitampigiaje kelele mama wa mke wangu? Kwao mtu akimpandishia mama mkwe sauti habari inatangulia kufika nyumbani kwao kabla yake. Ameniuliza kama anaweza kurusha kijiwe. Nikamwambia ukimpiga kuku wa Shangazi ndoa imevunjika bila Shehe. Akauliza kama anaweza kuandika hodi kwenye karatasi. Nikamwambia hapana, anataka kuitwa.

Hajapata kupandisha sauti tangu azaliwe, anasema, hata mpirani. Jioni akitoka kazini anakwenda nyuma ya majenereta, pale pasipo na watu, anafanya mazoezi. Fundi mmoja, Zacarias, alimfumania akiiambia jenereta hodi. Sasa kambi inamwonea huruma.

Lile jambo langu la mdomo, ambalo sikutaka Momade alisome, nimempa yeye akuletee. Nimemfundisha kwa Kiswahili, neno kwa neno, wiki mbili. Nimemwambia akusemee karibu, taratibu, kwa siri, maana kwao jambo kama hili halitajwi kwa sauti, na kwetu pia.

Atakuja Jumaa atakayopata ruhusa.

Mwanao,
Nasma


Olumbi
Tarehe 12 Februari

Nasma, mwanangu, mke wa Jahongir,

Hii inapita kwa Momade. Hakuna tena cha kumficha, na utaona kwa nini.

Jumaa iliyopita nilikuwa barazani na mpunga wangu, nimeipa njia mgongo kama kawaida. Kuku hawakukimbia. Niliposikia kitu, nilidhani kimetoka kichwani mwangu, maana siku hizi kichwa changu kina sauti zake. Kisha kikaja tena. Hodi. Nikaweka ungo chini. Ya tatu ilikuja nikiwa nimeshasimama, na nakuapia, hiyo niliisikia kwa kifua.

Nikageuka. Yuko nje ya ua, mkono kifuani, macho chini kwenye mchanga, adabu yote ya kwao iko mahali pake isipokuwa mdomo tu, umefunguka mpaka nikaona magego. Na anatokwa na machozi kwa aibu. Nyuma yake mwalimu Celeste ametoka na watoto wa darasa zima, Mwanaamina ana mwiko mkononi, wanaume wanatoka msikitini wakiulizana nani anaungua. Nami nikasema karibu. Nadhani niliipiga kelele, maana wote waliitika karibu.

Nimempa mkeka, nimempa chai. Nilimmiminia nusu, Nasma. Alitazama kikombe, akanitazama mimi, akacheka kwa mara ya kwanza.

Halafu akasogea kuliani kwangu akasema ujumbe wako. Nikaona midomo inakwenda. Nikamwambia sikupata. Akarudia. Nikamwambia mwanangu, huku ni ukuta, pandisha sauti. Akatazama watu waliojaa uani, akaniomba kwa macho twende ndani. Mimi nilishachoka na mambo ya ndani. Nikamwambia sema hapahapa. Akafumba macho, akavuta pumzi kama mtu anayetaka kupiga mbizi, akaipigia kelele Olumbi nzima, kwa Kiswahili chako cha wiki mbili:

"Shangazi, Nasma ana mimba, atazaa baada ya Idi."

Momade anasema aliisikia barabarani. Wenye gari la ofisi waliisikia shuleni. Nami niliisikia, neno kwa neno, wala sikuhitaji midomo. Najua mimba haitangazwi. Najua mtatulaumu, wewe na mama mkwe wako, kwa haki. Tutasoma Yasini, husuda itarudi kwa mwenyewe. Lakini nilitoa kigelegele, Nasma, cha kwanza tangu harusi yako. Sikukisikia. Niliona tu wanawake wote wamefungua vinywa kunifuata.

Suleimane nimempa ile kanzu aivae kwenye akika ya mtoto.

Sasa nina ombi moja, na mengine yote nimeyaacha. Mtoto akizaliwa, atasomewa adhana sikioni kwa sauti ya chini, na hiyo ndiyo desturi yetu sote, sina neno nayo. Baada ya hapo atalia. Nataka unipigie simu wakati huohuo, uiweke karibu na kinywa chake. Mwalimu Celeste ananitafutia spika ya shuleni, ile kubwa ya sherehe za uhuru za Juni, tutaiunganisha. Na mwambie Mama Muhabbat, kwa heshima zote, mkono wangu uko kifuani, kwamba kwake najua mtoto akilia anabembelezwa haraka anyamaze. Mwambie siku hiyo moja asimzibe. Asimnyamazishe mpaka mimi nimesikia.

Shangazi yako,
Zubeida